MyoD na safari ya seli kuwa msuli

Katika mada zote za baiolojia ya seli, hakuna inayonivuta kama ile ya chanzo cha misuli, kwa kuwa hapa ndipo ilipoonekana waziwazi kwamba jeni moja inaweza kubadili hatima ya seli nzima. Hata hivyo, kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jambo zito zaidi si jeni hiyo yenyewe, bali ni vizuizi vinavyoifanya isubiri wakati wake.

Mwaka 1979 Shirley Taylor na Peter Jones walieleza kwamba fibroblasti za panya, yaani seli za tishu unganishi, zikikuzwa maabarani pamoja na kemikali ya 5-azasitidini, huweza kugeuka na kuwa seli za misuli, za mafuta au za gegedu. Kemikali hiyo huzuia DNA isibandikwe methili, alama ambayo mara nyingi huziweka jeni katika hali ya kunyamaza. Kwa hiyo ilielekea kwamba kulikuwa na jeni chache zilizozibwa ambazo, zikizibuliwa, zingeelekeza seli upande mpya. Ndipo Harold Weintraub, Robert Davis na Andrew Lassar, wakifanya kazi katika kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, walipoitafuta jeni ya upande wa misuli, na mwaka 1987 wakatangaza kwamba wameipata. Waliiita MyoD. Ilipoingizwa peke yake ndani ya fibroblasti, seli hizo ziliacha kazi yake ya awali zikaanza kutengeneza protini za misuli.

Protini ya MyoD hushika DNA mahali penye herufi sita zinazoanza na CA na kuishia na TG, kisha huamsha jeni zilizo karibu. Lakini haishiki vizuri ikiwa peke yake: huhitaji mwenzi kutoka katika kundi la protini E. Hapa ndipo inapoingia protini iitwayo Id, iliyoelezwa mwaka 1990, ambayo ina sehemu ya kuungana na wenzake ila haina sehemu ya kushika DNA. Id ikiwa nyingi, huwanyakua wale wenzi, na MyoD hubaki ndani ya kiini cha seli bila uwezo wa kufanya kazi yake kikamilifu. Vichochezi vya ukuaji ndivyo vinavyoiweka Id katika wingi huo, na ndiyo maana mayoblasti, yaani seli changa zilizokwisha kuelekezwa kuwa misuli, huendelea kugawanyika maabarani mradi zinapata kwa wingi seramu, yaani majimaji ya damu yenye vichochezi hivyo; seramu ikipunguzwa, Id hupungua, protini ya p21 husimamisha mgawanyiko, na mayojenini, protini ya jamii ya MyoD inayoongoza ukomavu, huanza kutengenezwa. Kwa seli hizi, kuzaliana na kukomaa haviendi pamoja, na kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha mada yote.

Majaribio ya kuondoa jeni kwa panya yaliuthibitisha mpangilio huo kwa namna iliyowashangaza wengi. Panya walioondolewa MyoD mwaka 1992 waliishi na misuli yao, kwa sababu jeni ndugu yake, Myf5, iliziba pengo. Zilipoondolewa zote mbili, watoto walizaliwa bila misuli ya mifupa na hata mayoblasti hazikuonekana. Ilipoondolewa mayojenini, mayoblasti zilikuwapo, lakini nyuzi za misuli karibu zote hazikuundwa. Kuelekezwa ni hatua moja. Kukomaa ni nyingine.

Baada ya hapo mayojenini hushirikiana na protini za MEF2 kuamsha jeni za mayosini na aktini, protini zinazoufanya msuli ujikunje, na seli huungana utando kwa utando hadi kuwa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi. Protini zinazowezesha muungano huo zimejulikana hivi karibuni tu: Myomaker mwaka 2013, na Myomixer mwaka 2017.

Kwa kuwa viini vya uzi uliokomaa havigawanyiki tena, mwili huhitaji akiba. Akiba hiyo ni seli satelaiti, alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961 baada ya kuchunguza misuli ya chura kwa hadubini ya elektroni. Hukaa zimebanwa kati ya uzi na ganda lake la nje, zikibeba protini ya Pax7. Msuli ukijeruhiwa, huamka, huwasha MyoD na kugawanyika. Baadhi hukomaa na kuungana na nyuzi, nyingine hurudi katika utulivu ili akiba isiishe. Katika ugonjwa wa Duchenne, unaowapata hasa watoto wa kiume, nyuzi hukosa protini ya distrofini na huchanika mara kwa mara, hivyo seli hizi huitwa kazini bila kupumzika. Na kwa kuwa zenyewe zina jeni ileile yenye hitilafu, uzi mpya wanaoupata watoto hao huwa dhaifu kama ule uliotangulia, mpaka mahali pa msuli pajae mafuta na kovu.