Safari ya Kupeleka Utepe Mmoja

Niliteremka kituo kisicho changu. Ndiyo malipo ya kusinzia kwenye treni. Ikabidi nirudi kwa miguu karibu saa nzima, manyunyu yakinisindikiza, mkoba nimeuficha ndani ya koti. Mlikuwa na utepe mmoja tu mwekundu, ule wa kuwekea alama ya ukurasa, uliochomoka wenyewe kwenye Biblia yangu.

Niliyekuwa namfuata ni mama mmoja msanii ambaye kwa miaka mingi kazi yake ni hiyo hiyo ya kukusanya na kutundika tepe: za misale, vile vitabu vya sala za Misa ya Kikatoliki, za vitabu vya masifu, za Biblia, hata za Misahafu iliyochakaa. Nilitarajia mapambo. Nikakuta chumba kirefu, tepe zimening'inia toka darini kama mvua iliyogoma kufika chini, zikitikisika kila mlango ukifunguliwa.

"Usizitazame kwa mbali. Shika huu."

Ulikuwa wa zambarau, wa hariri. Sehemu iliyolala ndani ya kurasa ilikuwa bado imekolea. Ncha iliyochungulia nje ilikuwa imepauka ikawa kijivu, na pale pa kushikia pamelainika kwa jasho la vidole. Nikashika wa kijani, hali ileile. Nilisahau kama nimelowa.

Misale nyingi zilitoka makabatini mwa sakristia, chumba cha kanisa cha kutunzia mavazi na vyombo vya ibada. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ilitoka misale mpya mwaka 1970, na zile kongwe za Kilatini zikawekwa kando karibu kila mahali. Misale ya altareni huwa na tepe kadhaa, maana padri hasomi mfululizo: sala za siku ziko huku, utangulizi kule, Sala ya Ekaristi kwingine, naye hawezi kupekuapekua waumini wakimsubiri.

Kuna jambo lilinikwaza, nikalisema. Vitabu vya namna hii vikichakaa, si huchomwa au kuzikwa?

"Nazika," akajibu. "Kitabu nazika. Utepe nautoa kwanza."

Sikuridhika, na sijaridhika hadi leo.

Kila utepe una kikaratasi chenye namba ya ukurasa alioukuta umelala. Bila namba, hautundiki. Nikatoa wangu, nikaulaza mezani.

"Ulikuwa ukurasa gani?"

"Labda Zaburi."

"Labda hapana, mwanangu."

Akanirudishia, ila hakuniacha hivihivi. Alinielekeza: ncha ya juu igande kwa gundi kwenye uti wa kitabu, utepe ukatize ukurasa kutoka kona hadi kona, ubaki wa vidole viwili nje, mwisho ukatwe mshazari usifumuke.

Usiku ule nyumbani nikaufungua ukurasa, nikaupima utepe. Uliishia kidole kimoja kabla ya kona.