Nilivyolifungia tingatinga kizimba cha chuma

Kazi ililetwa karakanani kwangu Malindi na tajiri mmoja anayeng'oa mikorosho mikuukuu upande wa Gede. Tingatinga lake ni la zamani, paa lilishaondoka, na opareta alikuwa akikaa juani wazi kama mtu aliyepanda punda. Siku moja tawi kavu likamwangukia begani. Tajiri akataka nyumba ya chuma iliyofungwa pande zote, mfano wa matingatinga ya jeshi aliyoyaona kwenye simu.

Mimi mageti na madirisha ndiyo riziki yangu. Chombo cha vita sijawahi kukigusa. Ila zile picha zilinifaa, maana wahandisi wa jeshi walikuwa na shida hii hii yetu: mtu akae ndani asidhurike, na bado aone anachokisukuma.

Waingereza walipojiandaa kushuka Normandy, pwani ya Ufaransa, mwezi Juni 1944, walichukua tingatinga za Caterpillar D8 za kawaida wakaivika deraya, yaani mabamba ya chuma ya kuzuia risasi, injini na mahali pa dereva. Kazi hiyo ilifanywa na Jack Olding wa Hatfield, aliyekuwa akiziagiza mashine hizo. Zikaingia katika Divisheni ya 79 ya Meja Jenerali Percy Hobart, si kwa kupigana, bali kuondoa vizuizi ufuoni, kufukia mashimo ya mabomu na kufungua njia ili magari yatoke mchangani. Tingatinga halina mbio za kufuatana na vifaru, kwa hiyo walitengeneza pia jingine kutokana na kifaru cha Centaur: mnara wa mzinga uking'olewa, beleshi likafungwa mbele. Oktoba 1943, kule visiwa vya Treasury katika bahari ya Pasifiki, Mmarekani Aurelio Tassone hakuwa na deraya yoyote. Aliinua beleshi likawa ngao ya risasi, akaiendea ngome ya Wajapani na kuiponda.

Lakini beleshi likiinuliwa huziba macho vilevile, na mabamba ni hivyo hivyo. Hapo ndipo tulipovutana na tajiri. Sikutaka maneno mengi. Nilikata maboksi ya friji, nikayafunga kwa kamba pale mabamba yangekaa, nikatoboa vijidirisha vyembamba alivyovipenda yeye. Opareta akapanda. Mimi nikashika kopo la chokaa nikaanza kulizunguka tingatinga, injini ikiwa imezimwa.

"Ami, waniona?"

"Nakuona."

Nikasogea mbele ya beleshi, nikachutama kama mtu anayeokota korosho. "Na sasa?"

"Ah, fundi, umeingia wapi?"

Kila nilipopotea nilimwaga chokaa. Tulipomaliza, ardhi ilikuwa nyeupe mbele yote na ubavu wa kulia karibu wote. Tajiri alisimama akitazama, mkono kiunoni, hakusema kitu.

Nikamtajia Rafah, mji wa Gaza. Tarehe 16 Machi 2003 binti wa Kimarekani, Rachel Corrie, aliuawa na tingatinga la deraya la jeshi la Israeli, amesimama kuzuia nyumba za watu zisibomolewe. Jeshi lilisema dereva hakumwona. Wenzake waliokuwapo walisema alionekana wazi. Mwaka 2012 mahakama ya Haifa ilikubali maneno ya jeshi. Mimi nina yangu moyoni kuhusu jambo lile. Lakini hata tukiyashika maneno ya jeshi lenyewe, basi walipeleka penye watu chombo ambacho dereva wake haoni kilicho mbele ya beleshi. Na kwetu shambani watoto hawakosekani.

Mabamba ya pembeni yakafutwa. Paa nililifanya la bamba la milimita 6, na juu yake bati jingine lililoachiwa nafasi ya vidole vinne, upepo upite. Joto la kaskazi chini ya chuma kimoja halikaliki. Nguzo nilizifunga kwa boliti kwenye vikalio vya paa la zamani. Mbele na ubavuni niliweka wavu wa chuma nene, wenye matundu ya kupita ngumi. Milango ni miwili, na komeo lake hufunguka kwa ndani, ili mashine ikilalia ubavu mmoja asinaswe. Kabla ya kuchomelea chochote juu ya mashine nilichomoa betri. Wengi hawajali, kisha huunguza alteneta ya watu. Rejeta nayo niliikinga kwa bati lenye matundu, na lazima lipigwe brashi kila jioni, la sivyo majani hulijaza na injini huchemka.

Matawi sasa yanaangukia wavu, opareta anacheka. Nyuma bado pana upofu penye tangi la dizeli. Nilifunga kioo cha pembeni, tawi likakivunja mapema, sikukirudisha. Badala yake yupo kibarua mwenye filimbi, naye husimama kushoto, upande ambao haukuwa na chokaa nyingi.