Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Ilimba Hadi Zeze

Saa 11 alfajiri. Huu ndio wakati wa kurekodi hapa Bagamoyo, kabla kunguru na bodaboda hawajaamka. Natengeneza sauti inayoanza kama ilimba na kugeuka polepole kuwa zeze. Mzee wa Kigogo anayenifundisha ilimba, kile chombo cha vyuma vilivyopangwa juu ya ubao, keshafika. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Anadonoa chuma kimoja kwa kidole gumba, anasubiri mlio ufe kabisa, anarudia. Kisha anachukua zeze, chombo cha nyuzi, na kusugua sauti ileile kwa uta. Hapa Bagamoyo ndipo alipoishi marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, na wengi wetu ilimba tuliijua kwa mkono wake.

Saa 2 asubuhi. Chai, chapati, kukata sampuli, yaani vipande vya sauti nilizorekodi. Ubao wa ilimba una kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui, na ule mvumo wa kama nyuki unatoka pale. Niliwahi kushauriwa niufute, eti ni kelele. Siufuti! Bila mvumo huo hiyo si ilimba tena.

Saa 4. Sasa kazi yenyewe. Ukipunguza ilimba huku ukipandisha zeze, umechanganya tu. Katikati utasikia vyombo viwili vinapigwa pamoja. Mimi nataka pale katikati pawe na chombo kimoja, ambacho hakuna fundi aliyewahi kukichonga. Natumia Loris, programu huria ya Kelly Fitz na Lippold Haken. Inaivunja sauti kuwa matawi mengi, na kila tawi linabeba kimo chake (wembamba au uzito wa sauti), nguvu yake na kiasi cha mkwaruzo wake. Tawi la ilimba likipewa namba sawa na tawi la zeze, moja linasafiri hadi kuwa jingine.

Ugumu uko kwenye hizo namba. Zeze likilia Hz 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, matawi yake yanapanda kwa hesabu: 440, 660, 880, mpaka 1,320 na kuendelea. Chuma hakifuati hesabu hiyo. Kikilia 220 hiyohiyo, tawi lake la juu lenye nguvu nimelipima karibu Hz 1,370. Jaribio la kwanza nililipa namba 7 (220 mara 7), likapanda kuelekea 1,540, na sauti ikalia kama sufuria iliyopasuka. Nimelipa namba 6. Linashuka Hz 50 tu, taratibu, na sikio halishtuki.

Saa 7 mchana umeme umekatika. Wali na samaki, usingizi kidogo.

Saa 9. Kupanga mianzo ya sauti. Chuma kinalia palepale kinapodonolewa, uta unachelewa kidogo kuushika uzi. Naweka alama mwisho wa kila mwanzo, programu inavuta muda ili alama zikutane.

Saa 11 jioni nimebeba kompyuta na kinanda hadi barazani kwa mzee. Nasukuma gurudumu la kinanda polepole, sauti itoke kwenye ilimba kuelekea zeze, yeye kafumba macho. "Rudi nyuma. Hapo. Buibui ameondoka mapema."

Ni kweli. Nilikuwa nimevifungamanisha kimo, nguvu na mkwaruzo visafiri pamoja. Nimevitenganisha hapohapo: kimo kitangulie, nguvu ifuate, mkwaruzo wa ilimba ubaki mpaka uta umeshika kabisa. Nimempigia tena.

"Sasa yupo," kasema, akaomba nirudie mara tatu.

Kesho alfajiri, chuma cha pili.