Kumfundisha mwanagenzi kwenda na upepo wa tezi

Wanaoanza kujifunza mashua huipenda sana safari ya kutoka kijiji cha Shela kuelekea mji wa Lamu wakati wa kusi, upepo wa kusini, kwa kuwa upepo hutoka nyuma, chombo hakilali ubavu, maji hayarukii usoni, na kila mmoja hujiona amekwisha kuwa nahodha. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo la kuchelewesha mpaka mwanafunzi awe ameshajua kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku, kwa sababu upepo wa tezi, yaani unaotoka nyuma ya chombo, huyaficha makosa yake hadi yanapokuwa makubwa.

Hebu tuseme upepo unavuma kilomita 25 kwa saa na mashua inakwenda nao kilomita 10. Aliyemo chomboni huusikia mwilini kama upepo wa kilomita 15 tu. Ndiyo maana wanafunzi huniuliza, “Nahodha, mbona upepo umekufa?” nami huwajibu, “Haujafa, mwanangu, tunakwenda nao.” Akigeuza omo, sehemu ya mbele ya chombo, kuukabili upepo huo huo, mara anakuta tanga ni kubwa kupita uwezo wa mikono iliyopo. Kwa hiyo ninamtaka atazame nyuma kila mara, ayasome maji yanayokuja, wala asiyategemee yale yaliyo mbele yake.

Kwenye kana, yaani mpini wa usukani, simruhusu aende na upepo moja kwa moja. Auache uingie kwenye pembe ya tezi, upande ulio kinyume na tanga, na ausikie nyuma ya sikio moja. Ukishaanza kuyapiga masikio yote mawili sawasawa, amekaribia mahali pa hatari: ukivuka kidogo tu, tanga litagandamizwa kwenye mlingoti na foromali, boriti inayobeba tanga, haitashuka kwa urahisi. Wimbi nalo huinua tezi na kuisukuma omo pembeni, hasa penye mlango wa mkondo karibu na Shela, na mwanagenzi husubiri mpaka chombo kimekwisha kugeuka ndipo avute kana kwa nguvu zake zote. Afadhali airekebishe mapema na kwa kiasi kidogo, na watu pamoja na mifuko ya mchanga ya farumi, uzito wa kutuliza chombo, wasogezwe nyuma ili omo isizame.

Kazi kubwa zaidi ni kukisi tanga, yaani kulihamishia upande wa pili upepo ukiwa nyuma. Huifundisha kwanza mashua ikiwa imetia nanga, siku ya upepo mwembamba, kila mtu akiwa na kazi yake: mmoja kwenye kana, mmoja kwenye demani, kamba ya kuvutia tanga, mmoja kwenye mguu wa foromali, ncha yake ya chini. Tukishang'oa nanga, wa kana huigeuza mashua taratibu mpaka upepo uwe nyuma kabisa. Wa demani huiachia kamba, na tanga hupepea mbele kama bendera. Wa foromali huuvuta mguu wake kuelekea mlingotini hadi foromali isimame wima. Hapo ndipo demani huzungushwa kwa mbele na kurudishwa upande wa pili, na haifungwi mpaka foromali nayo imepita. Vichwa vyote viwe chini, kwa maana demani inayopigwa na upepo huchapa vibaya. (Wageni hupenda kusimama wakati huo huo ili wapige picha, kwa hiyo simu huwekwa mfukoni kabla sijatoa amri.)

Kufika gatini kunahitaji hesabu ya mapema, kwa kuwa chombo kinachosukumwa kwa nyuma hakina breki, na kama maji yanajaa huongeza mwendo kuelekea mjini. Tanga hutuliwa tukiwa bado mbali na mashua zilizofungwa, kisha tunamalizia kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Kwa ajili hiyo jarari, kamba ya kupandishia na kushushia foromali, hukaguliwa kabla hatujaondoka Shela: isiwe na fundo, isikaliwe na mtu, na mwisho wake ufungwe kwa namna ambayo mwanafunzi anaweza kuufungua kwa mkono mmoja.