Boriti iliyokataa kutulia: nilivyoitatua

Programu yangu ya Python, niliyoiandikia hapa Shangani, Mtwara, inaiga LHC, kile kiharakishi cha chembe cha mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Duara lake lina kilomita 27 hivi, na protoni huzunguka mara 11,245 kwa sekunde. Kipimo kinasoma boriti, yaani mkondo wa protoni hizo, imehama kiasi gani, kisukumizi kilicho palepale kinaituliza. Boriti yangu ikazidi kuyumba, grafu ikapanda mpaka ikatoka kwenye skrini. Nikapunguza nguvu ya msukumo: ikayumba vilevile, taratibu tu.

Kiini kilikuwa muda. Kila mzunguko boriti ya programu yangu huyumba mara 64.31. Zile 64 kamili huirudisha palepale, kwa hiyo ile 0.31 ndiyo yenye kazi: ni digrii 111.6. Ishara ya kipimo ikichelewa mzunguko 1 kufika kwenye kisukumizi, msukumo unatuliza. Ikichelewa 2, kama kwangu, pembe inafika digrii 223, imeshavuka 180, na msukumo uleule unageuka kichocheo.

“Dada, si ugeuze alama ya msukumo tu, jumlisha iwe kutoa?” akasema kijana ninayemfundisha. Kweli bwana! Nguvu ya msukumo ya 0.1 ikawa -0.1, na baada ya mizunguko 30 hivi mtikisiko ukabaki karibu theluthi. Ila ukiweka 0.25 badala ya 0.31, alama haitakuokoa: mizunguko 2 ni digrii 180 kamili, na hapo msukumo hautulizi kwa alama yoyote.