XL inapunguza tani, lakini inauza ubavu: ninavyochagua injini kwenye BattleTech

Kwenye BattleTech, mchezo wa mezani wa vita vya roboti, namba ya injini ni uzito wa roboti mara hatua za kutembea. Roboti ya tani 75 inayotembea heksi (vyumba vya ramani) 4 na kukimbia 6 inataka injini namba 300. Ya kawaida ina tani 19. XL, nyepesi zaidi kati ya injini tatu hapa, ni nusu yake, tani 9.5. Light, ya katikati, ni robo tatu, na kwa kuwa sheria hupandisha hadi nusu tani ya juu, inatoka 14.5. Wengi wakiona hapo wanachukua XL na kuanza kupanga silaha. Mimi naishika karatasi kwanza, maana uzito ni nusu tu ya bei.

Nusu ya pili ni mahali injini inapokaa. Ya kawaida huchukua nafasi (visanduku vya vifaa kwenye karatasi ya roboti) 6 za kifuani na inaishia hapo. XL ya Inner Sphere (upande mmoja wa hadithi ya mchezo, Clan ni mwingine) huongeza nafasi 3 kwenye kila ubavu. Light huongeza 2 kila upande, na XL ya Clan pia ni 2. Injini hufa ikipata mapigo matatu, na kila nafasi yake inayoharibika ni pigo. Kwa hiyo ubavu mmoja ukikatika, XL ya Inner Sphere imekwisha palepale hata kama kifua hakijakwaruzwa, lakini Light inabaki na mapigo mawili na bado inatembea.

Kwa tani 75, deraya kamili ni tani 14.5. Mimi hugawa hivi: kifua alama 35 mbele na 11 nyuma, kila ubavu 24 mbele na 8 nyuma. Kiunzi cha kifua, yaani mifupa iliyo chini ya deraya, ni 23, cha ubavu 16. Kuua injini ya kawaida kwa kutoboa kutoka mbele kunahitaji alama 58 za kifuani. Kuua XL kunahitaji 40 za ubavu wowote, yaani mapigo matatu ya Gauss (kanuni ya alama 15 kwa pigo) na chenji inabaki. Kwa nyuma ni 24 tu. Na dadu hazikusaidii: kwenye jedwali la mbele kifua hupatikana mara 7 kati ya 36, mbavu mbili kwa pamoja mara 10. Ukipigwa kutoka kushoto, ubavu wa kushoto peke yake unachukua zile 7. Juu ya hapo, mkono uliokwisha kukatika hupitisha madhara yote kwenye ubavu wake.

Sasa hesabu ya tani. Kiunzi 7.5, jairo (kifaa cha kusawazisha) 3, chumba cha rubani 3, deraya 14.5. Ukiweka injini ya kawaida, zinabaki tani 28 za silaha, risasi na vipozajoto vya ziada. Kwa Light ni 32.5, kwa XL 37.5. Kabla ya kugusa injini, badilisha kiunzi kwanza: endo steel, kiunzi chepesi, hushuka hadi tani 4, inakuongezea 3.5, na haina udhaifu wowote vitani. Inachokula ni nafasi 14. Light pamoja na endo steel inakupa tani 36. XL bila endo steel inakupa 37.5. Tofauti ni tani moja na nusu, na kwa tani hiyo moja na nusu unauza uhai wa mbavu zote mbili. Kwa roboti nzito ya mwendo wa 4/6 sijawahi kuona biashara hiyo ikilipa.

Light nayo inadai nafasi. Roboti yenye mikono kamili ina nafasi huru 47. XL inaacha 41, Light na endo steel zinaacha 29. Kama mpango wako ni silaha nyingi ndogo na vipozajoto vya maradufu, ambavyo kwa Inner Sphere ni nafasi 3 kila kimoja, utakwama kabla tani hazijaisha. Dawa ni kubeba silaha nzito zisizokula nafasi: PPC (mzinga wa nishati) ina tani 7 kwa nafasi 3, Gauss tani 15 kwa nafasi 7. AC/20, mzinga mkubwa wa risasi, ni kesi ya peke yake. Inataka nafasi 10. Ubavu wenye XL umebakiwa na 9, haiingii nzima. Ubavu wenye Light umebakiwa na 10, inaingia kama ufunguo kwenye kitasa, ila risasi zitafute kwao.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuacha ubavu mtupu ukidhani mtupu ni salama. Pigo la ndani, lile linalofika kwenye vifaa, likiangukia nafasi tupu au ya endo steel, unarusha dadu tena. Ubavu wenye injini peke yake maana yake kila pigo la ndani ni la injini. Jaza pale leza au vipozajoto vipokee mapigo. Usiweke risasi.

Kosa la pili ni CASE pamoja na XL. CASE ni kinga inayozuia mlipuko wa risasi usiingie kifuani, lakini ubavu wenyewe unaondoka, na ukiondoka XL imeondoka nao. Hiyo nusu tani umeitupa.

Kuna mahali ambapo sibishani. Roboti ya tani 75 ukiitaka itembee 5 inahitaji namba 375: injini ya kawaida ni tani 38.5, zaidi ya nusu ya roboti. Hapo ni XL au uache. Namba za chini ni kinyume chake. Hunchback HBK-4G, tani 50 na injini namba 200, ina injini ya tani 8.5, XL ingeokoa tani 4 tu. AC/20 yake iko ubavu wa kulia na kila adui anaulenga. Ubavu ule ukikatika, injini ya kawaida inaiacha na leza ya mkono wa kushoto na ile ndogo ya kichwani, inaendelea kusumbua. Ungeiwekea XL ungempa adui vyote kwa pigo moja.

Mkicheza kwa alama za BV (thamani ya roboti vitani), XL inapunguziwa. Alama za kiunzi, 114 kwa tani 75, huzidishwa kwa 1.5 kupata 171. Kwa XL unahesabu nusu, kwa Light robo tatu. Kwenye kampeni ya pesa mambo ni mengine: injini 300 ya roboti hii ni C-bill (pesa ya mchezo) milioni 1.5 ikiwa ya kawaida, 4.5 ikiwa Light, 6 ikiwa XL.

Mpangilio ninaoutumia kwa zile tani 36: Gauss ubavu wa kulia pamoja na risasi tani 2 na CASE, PPC moja kila mkono, leza tatu za kati ubavu wa kushoto, vipozajoto viwili vya ziada. Jumla 36.5; nusu tani inayozidi naipunguza kwenye deraya ya miguu. CASE hapa inalinda dhidi ya Gauss yenyewe, si risasi zake, ambazo hazilipuki: ikipigwa ndani hulipuka kwa alama 20, na kiunzi cha ubavu ni 16. Vipozajoto vyote 12 vya maradufu vinaingia ndani ya injini, hivyo havikatiki na ubavu. Kukimbia, Gauss na PPC mbili ni joto 23, uwezo ni 24.

Kisha nafuta ubavu mmoja kwenye karatasi na kuhesabu upya. Mapigo mawili ya injini yanaongeza joto 10 kila zamu, uwezo umebaki 14. Ukienda wa kushoto, Gauss na PPC moja huku ukikimbia ni 13. Ukienda wa kulia, PPC na kukimbia ni 12. Ukiongeza leza moja unavuka kwa 1, zote tatu unavuka kwa 7.