Shikamoo, bibi

Juzi binamu yangu wa Voi kaandika kwenye kundi la familia: "Krismasi nakuja na bibi yangu." Binti yangu akashtuka. "Baba, si ulisema bibi yao alishakufa?" Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka.

Desemba 1983. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa na mwezi mmoja tu tangu ufunguliwe. Ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho. Wapo waliopita njia za panya miaka yote hiyo. Baba, mtumishi wa serikali, hakuthubutu, wala hakumruhusu Mama. Na Taveta, kwao Mama, ni pale tu, ukitoka Moshi asubuhi mchana umeshafika. Babu alizikwa sisi hatupo.

Nilikuwa na miaka saba. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda uani, anapukuchua mahindi. Mama akanisukuma mbele, nami nikatoa salamu niliyoifanyia mazoezi tangu Holili, mpakani: "Shikamoo, bibi!"

Ua zima likaangua kicheko. "Bibi! Ulimwoa lini?" akauliza mjomba. Kwao bibi ni mke, na mama wa mama ni nyanya, ambayo kwangu mimi ilikuwa kitu cha kuungia mchuzi. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, akanivuta, akanipapasa masikio kwa vidole vyenye vumbi la mahindi, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo nilipokuwa mchanga. Kisha akainua macho, akamwambia Mama neno kwa Kitaveta.

Mama akafungua mdomo. Kikatoka Kichaga.

Hapo hakucheka mtu. Nyanya akarudia mahindi yake. Punje zilikuwa zikidondoka kwenye ungo, na Mama kasimama na kikapu mkononi, midomo inacheza, anatafuta. Nyanya akasema tena, safari hii kwa Kiswahili, taratibu, vile anavyosemeshwa mgeni:

"Nimeuliza, mmekula?"

Tulikula. Tulikaa siku mbili. Usiku ule niliwasikia jikoni wakiongea mpaka nikapitiwa na usingizi. Sauti zilipenya ukutani, maneno hayakupenya.

Mwaka juzi nilimuuliza Mama walikuwa wakiongea lugha gani. Akafikiri sana.

"Kiswahili, nadhani," akasema, akaongeza sauti ya redio.